Mshamba Aingia Mjini: Muhogo Mchungu na Kicheko cha Rungwe

Mwaka 1952, mjini Dar es Salaam, mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni alisimama mbele ya kamera akajifanya mtu wa shamba asiyejua mji. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea wa mwaka 1926, msomi wa Tabora, kazi yake katika idara ya ustawi na maendeleo ya jamii. Filamu iliitwa Muhogo Mchungu. Miaka 10 baadaye, Januari 1962, mtu huyo huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Wengi wanaolijua jambo hili hulitaja kama kioja cha pembeni. Kumbe mzee aliwahi kucheza sinema! Kisha wanarudi kwenye habari za vyama vya wafanyakazi, uhuru na Muungano. Mimi naona filamu ile ni sehemu ya historia yetu kwa haki yake yenyewe, tena ukitaka kuielewa kwa nini ilivuta watu, usianzie Dar es Salaam. Panda nyanda za juu kusini, pita Mbeya, teremka upande wa pili hadi Tukuyu, mahali ambapo habari ya mtu kuacha migomba ya kwao akaingia ugenini ilikuwa imeshakuwa maisha ya kila ukoo kabla serikali haijafikiria kuitengenezea filamu.

Tukuyu ilianza kama boma la Wajerumani, wakiliita Neu Langenburg. Waingereza waliuteka mji huo Mei 1916, wakitokea upande wa Nyasaland na Rhodesia, na kodi ikaendelea kama ilivyokuwa, bendera tu ndiyo iliyobadilika. Rungwe haikuwa nchi ya njaa. Mvua hainyimi, udongo wa volkano unatoa ndizi, mahindi, maharage na kahawa, na huko bondeni Kyela, ambako wakati ule kulikuwa ndani ya wilaya hiyo hiyo, kuna mpunga. Kilichowatoa vijana nyumbani ni fedha taslimu: kodi ya serikali kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ng'ombe wa mahari, ambao kijana asiye na baba mwenye zizi alilazimika kuwatafuta mwenyewe.

Mwaka 1922 dhahabu ikaonekana Lupa, na kwa miaka mingi njia ya Chunya ilijaa Wanyakyusa wanaokwenda kuchimba na wanaorudi. Halafu migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ikafunguka, vijana wakapitia Tunduma kwenda Luanshya, Mufulira na Kitwe. Miaka ya 1950 wakala wa migodi ya Afrika Kusini, Wenela, alikuwa akiandikisha watu katika nyanda zetu za juu kuwapeleka kwenye dhahabu ya Johannesburg. Kwa hiyo mzee wa Masoko au Mwakaleli aliyekuwa na wana watatu wakati wa ukoloni aliweza kabisa kuwa na mmoja Chunya, mmoja kwenye shaba, na wa tatu amebaki na kahawa huku akisubiri zamu yake.

Watu hawa walirudi kwenye jamii iliyojengwa juu ya mazungumzo. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliokaa Rungwe kati ya 1934 na 1938, walishangazwa na vijiji vya marika. Wavulana wa umri wa miaka 10 hivi walijijengea vibanda vyao pembeni ya kijiji cha wazazi, wakawa wanalala huko, wakakua pamoja, wakaoa na kuzeeka majirani. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza jinsi Wanyakyusa walivyothamini kukaa na wenzao wa rika, kula pamoja, kunywa pamoja na kusemezana. Mtu asiyependa kuketi na wenzake alitiliwa shaka. Ndani ya maisha ya namna hiyo, aliyerudi kutoka migodini hakuruhusiwa kukaa kimya. Alidaiwa simulizi. Na katika simulizi zote za safari, inayodumu kuliko nyingine ni ya siku ya kwanza: ulivyoshuka, usiyemjua akakuita ndugu, ukampa mzigo wako akushikie.

Hadithi hiyo ndiyo kiini cha filamu niliyoitaja. Lakini kabla ya kuifikia, lazima tujue kwamba watu wa Rungwe waliosafiri walikuwa wameshaiona sinema, na nyingi ya sinema hizo zilikuwa za kuchekesha.

Huko Johannesburg, mmisionari Mmarekani Ray Phillips alianzisha maonyesho ya filamu katika makambi ya wachimbaji mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nia yake ilikuwa kuwatoa watu kwenye pombe na ugomvi siku za mapumziko, na mwenyewe ameandika kwamba nyota aliyependwa kupita wote alikuwa Charlie Chaplin, yule Mwingereza wa kofia ya duara na fimbo, mzaliwa wa London wa mwaka 1889. Wachimbaji walikuwa na jina lao la kumwita: SiDakwa, kilevi. Machi 1922, wachimbaji weupe walipofanya uasi wa silaha na Waafrika kushambuliwa, Phillips alibeba projekta yake mpaka kwenye mgodi mmoja ambako watu walikuwa wanajiandaa kulipiza kisasi, akawaonyesha Chaplin. Kwa maelezo yake walicheka hadi hasira ikapoa. Sipendi jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa kama sifa, maana waliopaswa kupozwa ni walioanzisha mashambulizi. Hata hivyo kinatuonyesha jambo moja bila ubishi: mtu aliyetoka kijijini, asiyejua Kiingereza, asiyewahi kufika London, alimwelewa Chaplin papo hapo. Maskini asiye na kazi, anayefukuzwa na polisi, anayeteleza kwenye kila mlango wa tajiri kisha anainuka na kuvuta koti lake kwa heshima. Nani katika kambi ya mgodi alihitaji kufasiriwa hayo?

Kwenye shaba mambo yalikuwa hivyo hivyo. Hortense Powdermaker, mtafiti aliyekuwa Luanshya mwaka 1953 na 1954, aliwakuta watazamaji wakipiga kelele kwa pamoja kumshangilia shujaa wa filamu za kauboi, wakamwita Jeki hata kama jina lake kwenye filamu lilikuwa jingine. Walijua nani mwema na nani mbaya kabla hajafungua mdomo. Kijana wa Tukuyu aliyemaliza mkataba wake huko alirudi na blanketi, sanduku, pengine baiskeli, na kichwani filamu nyingi kuliko alizoziona mkuu wake wa wilaya kwa muda ule ule.

Nasisitiza hili kwa sababu maofisa walioanza kuwatengenezea Waafrika filamu walikuwa wameshikilia imani tofauti kabisa.

Jaribio la kwanza kubwa lilifanyika nchini kwetu. Mwaka 1935, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani na chini ya baraza la kimataifa la wamisionari, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe. Notcutt alikuwa amewahi kusimamia shamba la mkonge, Latham alikuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, fupifupi, za milimita 16, zisizo na sauti yake yenyewe. Maneno na muziki vilitoka kwenye sahani za santuri zilizorekodiwa kwa lugha mbalimbali. Gari lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Nyingi ya filamu hizo zilikuwa za mafundisho: safura, kahawa, mmomonyoko wa udongo, watoto wenye afya. Ile ninayopenda kuitaja ni ya benki ya akiba ya posta. Wanaume wawili wanapokea mshahara wao. Mmoja anachimba shimo na kuzika fedha, asijue kwamba kuna mtu anamchungulia. Mwingine anapeleka zake posta. Usiku mwizi anakuja, anafukua, anatoweka. Lengo la watengenezaji ni kumfundisha mtazamaji kwamba posta ni salama. Lakini hebu fikiria kilichomo ndani ya filamu hiyo kwa macho ya mtu anayetazama: mjanja anayenyemelea, mjinga anayetazama kushoto na kulia halafu anazika hazina yake mbele ya macho ya mwizi, shimo tupu asubuhi. Hii ni sungura na fisi. Watengenezaji walidhani wametengeneza tangazo la posta. Walikuwa wametengeneza kichekesho, na ndicho kilichobaki vichwani mwa watu.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kikiongozwa na William Sellers, aliyewahi kuwa ofisa wa afya nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu iliyotengenezwa kwa namna ya Ulaya. Akaweka kanuni: picha ziende polepole, kila tendo lionyeshwe tangu mwanzo hadi mwisho, kamera isirukeruke, kusiwe na ujanja wowote wa macho. Ushahidi uliokuwa ukirudiwarudiwa katika ofisi za wakoloni ni kisa cha mbu. Walionyeshwa watu wa kijiji fulani picha ya mbu aliyekuzwa akajaza skrini nzima, nao, eti, wakasema wana bahati, maana kwao hakuna mbu wakubwa hivyo.

Sisi tunaotoka kwenye jamii za utani tunaisikia sauti iliyo nyuma ya jibu hilo. Mzee anaambiwa na kijana wa serikali kwamba huyu mdudu mkubwa kama ng'ombe ndiye anayemuumiza; naye anajibu kwa uso mkavu kwamba wa kwetu ni wadogo. Waliokaa karibu naye wanajua anachofanya. Ofisa anatoa daftari na kuandika kwamba Mwafrika haelewi picha. Siwezi kusoma kisa hicho kwa namna nyingine, na miaka yote hiyo maonyesho ya Chaplin yalikuwa yakiikanusha nadharia ya Sellers mbele ya macho yake. Chaplin haendi polepole. Anaingia mlango huu, anatokea ule, teke linatua kabla hujaona mguu ukiinuliwa. Watu walimfuata bila kupotea hata hatua moja, na waendesha magari ya sinema walijua kwamba wasipobeba kichekesho, uwanja utawahi kupungua.

Kati ya filamu za kitengo hicho iko moja ya mwaka 1940 iitwayo Mr. English at Home, ambayo leo hata Waingereza wenyewe hawaijui. Inaonyesha siku moja ya fundi seremala na familia yake: kuamka, kula, kwenda kazini, watoto shuleni, mama sokoni, jioni nyumbani. Haikukusudiwa kuchekesha. Ilikusudiwa kufundisha adabu za nyumba safi. Ila katika wilaya kama Rungwe, ambako Mwingereza aliyejulikana ni bwana wa boma, mwenye tarishi, mpishi na mbeba bunduki, kumwona Mwingereza anayeshika randa na msumeno kwa mikono yake mwenyewe, anayerudi nyumbani na vumbi la mbao, lilikuwa jambo la kukufanya umgeukie jirani yako. Filamu ya adabu ikatoboa siri ambayo bomani haikusemwa kamwe.

Wasomaji vijana pengine hawajawahi kuona gari la sinema likifanya kazi, kwa hiyo nieleze. Gari linafika mchana, linapita barabarani na kipaza sauti kutangaza. Mahali ni uwanja wa mpira, au gulio, au mbele ya baraza la mwenye nchi. Shuka jeupe linafungwa kati ya miti miwili au kwenye fremu ya mabomba. Jenereta ya petroli inawekwa mbali kidogo ili mlio wake usimeze sauti. Giza likishaingia vizuri, projekta inawashwa. Roli ya futi 400 ya filamu ya milimita 16 inakwisha kwa dakika 11 hivi, halafu mwendeshaji anasimama kubadilisha, na hapo katikati ndipo kelele zote hutokea, kila mtu akimweleza mwenzake alichokiona. Filamu nyingi zikiwa bila sauti au zikiwa kwa Kiingereza, mtu mmoja hushika kipaza sauti na kutafsiri.

Huyu mtafsiri ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa kweli. Anajua lugha ya mahali, anajua kodi imepanda, anajua jina la karani asiyependwa. Picha inatoka Uingereza, maneno yanatoka kwake. Katika nyanda za juu kama zetu, ambako Tukuyu iko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi na baridi ya Julai inaingia hadi kwenye mifupa, watu kukaa kwenye majani yenye umande saa mbili au tatu si jambo la mchezo. Hawakai kwa ajili ya safura. Wanakaa kwa sababu wanajua kuna la kuchekesha mwishoni.

Mijini hali ilikuwa nyingine. Dar es Salaam ilikuwa na majumba ya sinema kama Empire na Avalon, yenye filamu za Kihindi, za Marekani na za Uingereza, lakini bodi ya ukaguzi ilikuwa ikipanga ni filamu gani Mwafrika aruhusiwe kuiona na ipi ni ya wengine tu. Wakoloni waliogopa sinema itamfundisha mtu wizi, au kumwonyesha mzungu katika hali isiyofaa.

Hapo ndipo serikali ya Tanganyika ilipofikiria kutengeneza burudani yake yenyewe. Kati ya 1951 na 1953 iliingia makubaliano na kampuni ya Johannesburg, African Film Productions, kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, zikichezwa na Waafrika. Kampuni hiyo ilikuwa kongwe, imeanzishwa mwaka 1915. Na Afrika Kusini ilikuwa imetoka tu kugundua nguvu ya hadithi ya mgeni mjini: mwaka 1949 Mwingereza Donald Swanson alikuwa ametengeneza African Jim, habari ya kijana anayeingia Johannesburg, anaibiwa mara tu anapofika, na hatimaye anapata njia yake kupitia muziki. Mwaka 1951 akafuatisha The Magic Garden, kichekesho cha fedha za kanisa zilizoibwa na mwizi anayekimbizwa katika vichochoro vya Alexandra. Watu weusi walijaza ukumbi kujitazama.

Matunda ya jaribio la Dar es Salaam ni pamoja na Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na hiyo Muhogo Mchungu. Zisome tena hizo anwani. Mmoja amerudi, meli inaondoka, mwingine amekuja mjini. Ni nchi nzima iliyo njiani.

Muhogo Mchungu ni kichekesho cha mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam, mji usiomwonea huruma. Kawawa ndiye mwenye filamu. Upande wa serikali, hadithi ya namna hii ilikuwa na kazi yake. Mji ulikuwa unakua kwa kasi: sensa ya 1948 iliwakuta watu 69,000 hivi, ya 1957 ikawakuta karibu 129,000. Maofisa waliona vijana wasio na kazi kama hatari. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa uwezo wa kuwaondoa mjini wale walioitwa wasiotakiwa, na polisi walikuwa wakiwakamata, kuwaita wahuni na kuwarudisha makwao. Filamu inayoonyesha jinsi mji unavyomwumbua mshamba inaweza kutumika kumwambia mtu wa Rungwe: kaa kwenu, lima kahawa yako.

Lakini kichekesho hakitii amri kirahisi hivyo. Mtu akianguka mbele ya watazamaji, na watazamaji wenyewe wameshawahi kuanguka hapo hapo, kicheko hakiwi cha dharau. Kinakuwa cha kujitambua. Watazamaji wa Dar es Salaam walikuwa wengi wao wageni wa miaka michache, Wazaramo kutoka Kisarawe, Wangoni, Wanyamwezi, Wanyakyusa. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kwanza. Aliyekuja mwaka jana alimcheka wa mwaka huu, huku akijua kwamba wa mwaka juzi alimcheka yeye. Na yule mshamba kwenye skrini, pamoja na kutojua njia, hakuwa mtu mbaya. Wabaya walikuwa wale waliomzunguka. Mtu anayetoka hapo hatoki akisema afadhali ningebaki kwetu. Anatoka akisema: mimi hawanipati tena.

Kwa mtu wa Rungwe filamu hiyo inamgusa mahali pengine zaidi, kwa sababu yeye hakuwa mgeni wa mji mmoja. Lupa ilikuwa na matapeli wake, Luanshya wake, Johannesburg ilikuwa na sheria za vibali ambazo kwazo mtu angeweza kufungwa kwa kusahau karatasi chumbani. Alikuwa mshamba mara nyingi, kila mara katika lugha mpya. Rika lake nyumbani lilikuwa limeshamcheka kwa kila mojawapo, likamchekea vizuri, kwa sababu amerudi mzima. Kwa utamaduni kama huo, kichekesho cha Kiswahili chenye mshamba ndani yake hakihitaji kusindikizwa na mtafsiri.

Jambo la pili lililoipa filamu ile mvuto ni lugha. Kabla yake, karibu kila kilichosogea kwenye skrini kilisema Kiingereza au Kihindi, au hakikusema kitu. Hapa mtu mweusi anazungumza Kiswahili, anatania kwa Kiswahili, anatapeliwa kwa Kiswahili. Chaplin alikuwa wetu kwa miguu na mikono yake, kwa sababu ulimi wake haukusikika. Kawawa alikuwa wetu kwa ulimi. Mbwembwe za kichekesho cha Kiswahili ziko kwenye mdomo: kumjibu mtu swali ambalo hakuuliza, kuvuta neno hadi lichoke, kukubali kila kitu huku hukubali chochote. Hizo hazikuweza kutoka kwa mtu mwingine yeyote ila mwenye lugha.

Na mwenye lugha huyu alikuwa na kazi iliyompitisha kwenye maisha ya watu wa kawaida. Katika utumishi wake alishughulika na kampeni za kufundisha kusoma na kuandika na maonyesho ya sinema kwa umma. Alikuwa ameona nyuso za watazamaji kabla hajawa mwenyewe wa kutazamwa. Alijua wanacheka wapi. Sidhani kuna shule bora ya siasa kuliko hiyo. Miaka michache baada ya filamu alikuwa kiongozi katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1955 Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika likaundwa naye akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha utumishi wa serikali ili aweze kufanya siasa waziwazi. Makuli wa bandarini, watumishi wa majumbani na vibarua wa mashamba ya mkonge aliowapanga kwenye migomo walikuwa ni wale wale wa kwenye filamu: watu wa shamba walioingia mjini na kuambiwa hawatakiwi.

Rungwe nayo ilikuwa imeingia kwa nguvu kwenye TANU, chama kilichodai uhuru. John Mwakangale, aliyekuwa kiongozi wa chama katika nyanda za juu kusini, alitoka huko. Vijana waliokuwa wamejifunza mgomo kwenye shaba hawakuhitaji kuelezwa umoja ni kitu gani. Baada ya uhuru serikali mpya ilikomesha uandikishaji wa Wenela, ili wachimbaji wetu wasiendelee kuitajirisha nchi ya ubaguzi. Familia nyingi za kusini zilipoteza kipato kwa uamuzi huo, zikaubeba.

Baada ya kuingia kwenye siasa, Kawawa hakurudi kwenye sinema. Alikuwa Waziri Mkuu, kisha Makamu wa Pili wa Rais wa Tanzania kuanzia 1964, kisha Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, watu wakamwita Simba wa Vita kwa ukali wake wa kutekeleza. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Kizazi kilichomjua kwa amri za vijiji vya ujamaa hakikuwa na jinsi ya kumfikiria akijikwaa makusudi ili mtoto wa Kariakoo acheke, nami naona hilo limempunguzia heshima badala ya kumwongezea. Uwezo wa kuigiza unyonge bila kuudhihaki ni uwezo mkubwa.

Hadithi yenyewe ilikataa kufa. Katikati ya miaka ya 1970, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilitoa Fimbo ya Mnyonge. Mhusika wake, Yombayomba, anaondoka kijijini, anaingia Dar es Salaam, hapati kazi, mji unamtesa, naye anaishia kwenye kijiji cha ujamaa. Serikali ilikuwa imebadilika, ujumbe ulikuwa umebadilika, na mshamba alikuwa ameshuka kwenye basi lile lile. Hata jina limebaki kwenye sanaa: katika kundi la maigizo la Kaole kulikuwa na mwigizaji mkongwe aliyejulikana na nchi nzima kama Muhogo Mchungu. Halafu wakaja wachekeshaji kama King Majuto wa Tanga, na vijana wa Ze Comedy na Orijino Komedi, akina Joti, Masanja na Mpoki, huyu wa mwisho akiwa amebeba jina la Kinyakyusa kabisa. Katika kazi zao mshamba yupo daima, mara anatoka Sumbawanga, mara Kigoma, mara anaongea Kiswahili cha kwetu cha Mbeya kilichotiwa chumvi hadi abiria wa Tukuyu wanapigana mabega.

Nasema abiria kwa maana yake halisi. Mabasi yanayotoka Kyela na Tukuyu kwenda Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 900, yana skrini juu ya dereva, na vichekesho vya Kibongo huanza mapema, wakati mwingine hata kabla ya kumaliza mlima wa Mbeya. Ndani mna wafanyabiashara wa ndizi na mchele waliozoea njia, wanafunzi wanaorudi chuoni, na siku zote yupo kijana mmoja anayekwenda kwa mara ya kwanza, namba ya simu ya mjomba imeandikwa kwenye karatasi kwa hofu ya chaji kuisha. Kwenye skrini mtu anashuka stendi na begi lake, mwingine anamwita ndugu. Basi zima linacheka, na yule kijana anacheka kuliko wote.